Chini ya Vigae: Historia ya Sakafu za Mji wa Kale na Makadara, Mombasa

Katika nyumba za mawe za Mombasa, sakafu haikuwa kitu cha kutandazwa juu ya kitu kingine. Ilikuwa tabaka moja nene la mawe ya matumbawe, kokoto na chokaa, lililobebwa na boriti za mikoko ghorofani au lililolala juu ya kifusi chini, na uso uliokanyagwa ulikuwa mwisho tu wa kazi ileile iliyoanzia kwenye boriti. Vigae vilipoingia, uso huo ukatengana na kiwiliwili chake. Tangu hapo fundi wa Mji wa Kale, na wa mitaa inayopakana nao kama Makadara, amekuwa na swali ambalo waashi wa zamani hawakuwa nalo: kigae kitalazwa juu ya nini? Majibu yamebadilika kwa kufuata mali iliyopatikana, sheria za ardhi, biashara ya bahari na, katika miaka sabini iliyopita, kiwanda cha saruji cha Bamburi.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe. Ulikua chini ya maji miaka ipatayo 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, kisha maji yakashuka na kuuacha nchi kavu. Humo waashi walipata jiwe gumu lenye matundu, lisilochongeka kwa urahisi, lakini lililofaa kwa kuta na sakafu. Jiwe la pili lilitolewa baharini likiwa bado bichi: tumbawe laini, linalokatika vizuri likiwa na maji na kukazika likikauka, nalo liliwekewa kazi za heshima kama mihrabu, nguzo za milango na zidaka za ukutani. Sifa moja ya mawe haya yote mawili inatawala habari nzima ya sakafu za Mombasa: yananyonya maji. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta na ndani ya sakafu ukiwa umebeba chumvi, na hutokea juu pale unapopata hewa ya kuukausha. Mji unaonyeshewa zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, tena uliozungukwa na maji ya chumvi, hauwezi kuukwepa unyevu huo. Unachoweza ni kuuachia njia.

Kabla ya mawe palikuwa na udongo na miti. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pamoja tangu karne ya 8, ile ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, na ile ya baadaye ya mawe na chokaa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mambo aliyoyaona mlangoni yanahusu sakafu moja kwa moja: kisima kisicho kirefu, kata ya mti yenye mpini, ardhi iliyosawazishwa kukizunguka kisima na msikiti, na kipande cha mkeka mnene cha kufutia miguu. Watu wote, kwa maelezo yake, walitembea pekupeku. Habari hizo ni fupi, ila zina uzito, kwa sababu sakafu ya miguu mitupu iliyotoka kuoshwa hudai mambo ambayo sakafu ya viatu haiyadai. Lazima iwe laini, na lazima istahimili maji kila siku, mara kadhaa kwa siku. Chokaa ilitimiza yote mawili.

Kufika mwanzo wa karne ya 16 Mombasa ilikuwa mji wa mawe. Wareno waliouteka na kuuchoma mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida walisimulia njia nyembamba na nyumba zilizopakwa chokaa, baadhi zikiwa na ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Duarte Barbosa, aliyeandika miaka michache baadaye, alizisifu nyumba ndefu za mawe na chokaa na jinsi zilivyopangika. Mji ulichomwa tena mwaka 1528, na karne zilizofuata zilijenga juu ya magofu, hivyo picha iliyo wazi zaidi ya sakafu za zama hizo hutoka Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Huko nyumba zilikuwa na sakafu za lipu ya chokaa, na mapaa bapa yaliyojengwa kwa boriti zilizochongwa mraba, juu yake vipande bapa vya matumbawe, kisha zege la chokaa. Jambo hilo linastahili kutazamwa mara mbili. Kipande bapa cha jiwe, ambacho leo mtu angekiita kigae, kilikuwepo katika ujenzi wa Waswahili tangu zamani, lakini nafasi yake ilikuwa chini ya tabaka. Kazi yake ilikuwa kubeba, wala si kuonekana na anayepita juu.

Kazi ya sakafu ya ghorofani ilianza sokoni. Miti ya mikoko iliyotoka Lamu na delta ya Rufiji ilipangwa kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa, na yote iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kutosha haikuzidi sana mita tatu, na ncha zake zote mbili zilipaswa kuzama ndani ya ukuta. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe, toka Lamu hadi Mombasa na Unguja, ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita mbili na nusu. Mwenye mali angeweza kurefusha chumba apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Sakafu ndiyo iliyochora ramani ya nyumba.

Boriti zilipangwa kwa nafasi ndogo kati ya moja na nyingine. Katika nyumba za wenye uwezo zilichongwa mraba na kupakwa rangi, maana upande wake wa chini ndio uliokuwa dari ya chumba cha chini. Juu yake vikalazwa vipande vya matumbawe vilivyovuka pengo kutoka boriti hadi boriti, vikafungwa kwa chokaa. Kisha likaja tabaka lenyewe: kokoto za matumbawe, chokaa, na mara nyingi udongo mwekundu, vyote vikimwagwa kwa unene ambao ukijumlishwa na mawe ya chini ulikaribia futi moja, na mahali pengine ukazidi.

Chokaa yenyewe ilikuwa kazi ya watu wengine. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, yakaachiwa tundu katikati. Juu ya rundo yakawekwa matumbawe, kisha moto ukawashwa. Jiwe la chokaa likifika joto la nyuzi 900 hivi hupoteza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, likabaki jepesi na jeupe. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe na kuvunjika kuwa unga. Chokaa bora ilikuwa ile iliyoachwa miezi mingi na kunyeshewa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa chembe ambayo haijaiva maji hupasuka baadaye ndani ya sakafu na kuacha shimo. Fundi aliyeharakisha hatua hii hakuonekana kosa lake siku ya kwanza. Lilitokea mwaka uliofuata, sakafu ikiwa imekwisha kukaliwa.

Baadaye kulikuja kupigilia. Kikundi cha watu, wanawake na wanaume, kilishika vipande, magongo mafupi yenye uso bapa, kikautwanga mchanganyiko kwa mpigo mmoja, kwa nyimbo, kwa sababu wimbo ndio ulioweka mikono yote katika mwendo mmoja. Walienda mbele na kurudi nyuma, siku baada ya siku, maji ya chokaa yakinyunyizwa. Mapigo yalitoa hewa iliyonaswa, yakayasukuma mawe yakamatane, na yakaipandisha juu chokaa laini. Chokaa haigandi kwa maji kama saruji inavyofanya. Hukauka, kisha hurudishiwa polepole hewa ya ukaa iliyoondolewa na moto, hata ikawa jiwe tena. Ule upole wa kukaza uliwapa wafanyakazi nafasi ya kutibu: ufa uliojitokeza asubuhi ulipigwa hadi ukafunga jioni. Mwisho uso ulisuguliwa kwa chokaa laini iliyochekechwa mpaka ukang'aa. Kufanya yote hayo ndiko kulikoitwa kusakifu, na neno hilo lilitumika sawasawa kwa sakafu na kwa paa bapa, kwa kuwa ujenzi wake ulikuwa mmoja.

Watu wa Mombasa hawakuwa peke yao katika maarifa haya. Mhandisi wa Kirumi Vitruvius, katika kitabu cha saba cha maandishi yake kuhusu ujenzi, karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliagiza sakafu ya ghorofani ijengwe hivi: mbao zifunikwe majani makavu ili chokaa isizidhuru, yafuate mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi, kisha mchanganyiko wa kokoto sehemu tatu na chokaa sehemu moja, upigiliwe kwa magongo na vikundi vya watu hadi unene usiopungua robo tatu ya futi, na juu yake tabaka la vigae vilivyosagwa na chokaa. Baada ya hapo tu ndipo vipande vya mapambo vikalazwa. Alionya pia kwamba mbao za aina tofauti zisichanganywe, kwa sababu zikijikunja zitapasua sakafu iliyo juu yake. Tofauti na pwani ya Afrika Mashariki iko mwishoni. Mroma aliendelea na kupamba uso kwa vipande vya mawe na vigae. Mswahili alisimama kwenye chokaa, akatandika mkeka au busati. Tabaka la chini lilikuwa karibu lilelile.

Chini kabisa, kwenye sakafu ya ardhini, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Udongo wa juu uliondolewa, kifusi cha mawe kikajazwa na kushindiliwa, kisha zege la chokaa likapigiliwa juu yake. Hapakuwa na kizuizi cha unyevu cha aina yoyote, na hakikuhitajika. Maji yaliyopanda kutoka ardhini yalipenya kifusi, yakapenya chokaa, yakakaukia juu ya uso kwa upepo uliopita kati ya daka la mlangoni na kiwanja cha ndani. Penye maji mengi, kama chooni na kwenye birika, chokaa iliwekwa kwa tabaka nyingi nyembamba na kusuguliwa mno. Hata hivyo vyoo vya ghorofani ndivyo vilivyokuwa udhaifu wa nyumba hizi tangu mwanzo: maji yakipata ufa huelekea ukutani, na ncha ya boriti iliyozama humo huoza bila mtu kuiona.

Karne ya 19 ilileta wakazi wapya na tofauti kubwa kati ya sakafu na sakafu. Mazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, walipoondolewa mwaka 1837 na mji ukawa chini ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, Ngome ya Yesu iliwekwa askari, wengi wao Wabaluchi, ambao jamaa zao walikaa upande wa Makadara, hatua chache kutoka ngomeni. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walijenga nyumba za ghorofa zenye roshani kando ya njia za Mji wa Kale. Nyumba nyingi zinazoonekana humo leo ni za karne hiyo na mwanzo wa ile iliyofuata. Nje ya mstari wa nyumba za mawe, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, ilijengwa kwa fito na udongo, ikaezekwa makuti, na sakafu yake ikawa udongo ulioshindiliwa.

Udongo huo ulidumu muda mrefu kuliko ambavyo umaskini peke yake ungeeleza. Mombasa ilikuwa na utaratibu wake wa nyumba bila ardhi: mtu alimiliki nyumba, lakini uwanja ulikuwa wa mwingine, naye alilipa kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda mrefu. Mwenye uwanja hakutaka kuona juu yake jengo la kudumu, na mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kumwaga mali kwenye sakafu ambayo angeweza kuambiwa aiache. Matokeo yake sakafu ikawa ushahidi wa hali ya ardhi. Penye hati palikuwa na zege. Pasipo na hati palikuwa na udongo, na baadaye safu nyembamba ya simiti iliyopakwa moja kwa moja juu ya udongo. Tabaka hilo la simiti la sentimita mbili tatu, lisilo na mawe chini yake, limeleta nyufa nyingi Mombasa.

Saruji iliingia pwani kwa meli kabla ya kutengenezwa hapa. Huko Unguja, Askofu Edward Steere alipojenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, alitumia mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji ya kutoka ng'ambo kujenga paa lake la tao. Mwaka 1883 Sultani Barghash alikamilisha Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma na sakafu za marumaru. Mombasa ilipoanza kujengwa reli ya Uganda mwaka 1896, chuma kikawa kitu cha karibu. Mihimili ya chuma iliruhusu upana ambao boriti haikuuweza, na ofisi, benki na maduka yaliyojengwa kati ya Mji wa Kale na bandari mpya yakapata vyumba vipana kwa mara ya kwanza. Mapaa bapa ya chokaa yakaachwa, mabati yakachukua nafasi.

Vigae vya sakafu vilikuja kwa njia hiyohiyo ya bahari. Vya kwanza kuenea katika nyumba za wafanyabiashara na katika misikiti vilikuwa vya saruji yenye rangi, vilivyoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Bombay ilikuwa na kiwanda chake mashuhuri cha aina hii, Bharat, kuanzia 1922. Kigae cha aina hiyo ni kinene na kizito, nacho kilihitaji kitanda cha mchanga na chokaa, au mchanga na saruji, chenye unene wa vidole viwili hivi. Fundi alisawazisha kitanda hicho kwa uzi na ubao, akanyunyiza saruji kavu, akakilaza kigae na kukigonga kwa mpini wa mwiko mpaka kikae. Kitanda kinene kilisamehe mengi. Kilifidia mabonde ya sakafu ya zamani na kukipa kigae nafasi ya kukaa sawa hata penye mawe yasiyolingana. Katika sakafu za ardhini njia hii ilidumu vizuri, na vigae vya namna hiyo vingali vinakanyagwa Mji wa Kale.

Mwaka 1951 Felix Mandl alianzisha kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, na uzalishaji ukaanza 1954. Malighafi ilikuwa ileile ya wachoma chokaa: mwamba wa matumbawe. Tofauti ilikuwa moto. Jiwe lilisagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa hadi nyuzi 1,450, likatoka kitu kinachoganda kwa maji ndani ya saa chache badala ya kukazika kwa miezi. Ndani ya kizazi kimoja wachoma chokaa walipoteza wateja, na waliojua kupigilia wakakosa wa kuwarithi. Hasara hiyo haikulalamikiwa wakati ule, na inaeleweka kwa nini: mfuko wa saruji ulimpa mwenye nyumba sakafu kavu, ngumu na ya bei nafuu katika wiki moja. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa mwiko wa chuma ikawa alama ya nyumba iliyokamilika, Makadara na Majengo kama Lamu na Tanga. Nayo ilifuata bado desturi ya zamani, kwa kuwa uso na tabaka lake vilikuwa kitu kimoja.

Kigae cha kauri chembamba ndicho kilichobadilisha hesabu. Mwaka 1956 Henry Rothberg alianzisha huko Marekani kampuni ya Laticrete kwa ajili ya gundi ya saruji iliyochanganywa na utomvu wa mpira, ambayo ilikishika kigae kwa unene wa milimita chache. Njia hiyo ilipoenea duniani, na vigae vya kauri vilipoanza kushuka bei, kwanza vya kuagizwa, kisha vya viwanda vya Kenya kama kile cha Twyford kilichojengwa Kajiado katika miaka ya 2010, uzito wote wa swali uliangukia tabaka la chini. Gundi ya milimita tano haisawazishi bonde. Haivumilii sakafu inayocheza. Kila kasoro ya chini hujitokeza juu, ama kwa ufa, ama kwa ile sauti ya uwazi ambayo fundi huisikia akikigonga kigae kwa kifundo cha kidole.

Katika nyumba ya zamani kasoro hizo zina asili inayojulikana. Ya kwanza ni unyevu. Sakafu ya ardhini iliyozoea kupumua ikifunikwa kwa saruji nzito na kauri iliyong'arishwa, maji hayakomi kupanda. Hugeuza njia na kuingia kwenye kuta. Rangi inaanza kubambuka, lipu inavimba, na mstari wa unyevu unapanda ukutani juu kuliko ulivyokuwa kabla ya ukarabati. Chumvi inayokusanyika kati ya gundi na kitanda hujijenga kuwa fuwele zenye nguvu ya kukiinua kigae. Mwenye nyumba hubadilisha kigae, na baada ya masika mbili tatu kingine kinainuka palepale.

Ya pili ni uzito na mchezo wa boriti. Tabaka la saruji na mchanga lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na vigae huongeza kilo 20 hivi. Chumba cha mita 2.5 kwa 6 hubebeshwa tani 1.8 juu ya zege la chokaa ambalo lenyewe, likiwa na unene wa futi moja, lina uzito wa zaidi ya kilo 500 kwa mita ya mraba. Boriti iliyokaa miaka mia na hamsini, ncha zake zikiwa ndani ya ukuta wenye unyevu, haikupimwa kwa mzigo huo. Tena vigae vya kauri havikubali sakafu inayopinda. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba mpindo usizidi sehemu moja ya 360 ya upana, ambayo kwa chumba cha mita 2.5 ni milimita 7 tu. Sakafu ya boriti hupinda zaidi ya hapo bila hatari yoyote kwa wakazi, na zege la chokaa huifuata kwa kujipasua nyufa ndogo ndogo zinazojifunga zenyewe maji yakipita. Kauri haina uwezo huo.

Mafundi makini wa Mji wa Kale wamejifunza kuanza na uchunguzi wa ncha za boriti kabla ya kuzungumzia kigae. Upande wa dari hugongwa, ukuta unaopakana na bafu hutazamwa, na boriti iliyolegea hubadilishwa. Penye sakafu ya chokaa iliyo nzima ghorofani, njia bora ni kuiacha na kuitengeneza kwa chokaa. Penye ulazima wa vigae, hasa bafuni, tabaka la zamani lililooza huondolewa badala ya kufunikwa, ili uzito mpya uchukue nafasi ya ule wa zamani, usiongezeke juu yake. Kisha huwekwa mbao za saruji au tabaka jepesi lisiloshikana na kuta, juu yake kizuizi cha maji kinachopanda ukutani angalau shubiri moja, na gundi yenye mpira inayostahimili mchezo. Mbao za kawaida za kubandika hazifai Mombasa hata zikiwa nene. Zinavimba.

Chini, katika nyumba ya zamani, kinachofaa ni kigae kinachopitisha unyevu, cha udongo wa kuchomwa kisicho na glasi au cha saruji, juu ya kitanda cha chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu. Mchanga wa ufuoni hubeba chumvi yake mwenyewe. Katika majengo mapya ya Makadara, ambayo mengi ni ya ghorofa za zege, hesabu ni nyingine kabisa. Hapo ardhi hujazwa mawe yaliyoshindiliwa, hufunikwa karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu, hutandazwa wavu wa chuma, na humwagwa zege la sentimita 10 hadi 15. Juu yake tabaka la kusawazishia la sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga huwekwa na kumwagiliwa maji kwa siku saba, lisikauke kwa pupa ya jua la kaskazi. Kuharakisha hatua hii ndiko chanzo cha vigae vingi vinavyolia, kwa kuwa zege jipya huendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa na kukivuta kigae kilichokwisha kushikwa. Pembeni mwa chumba huachwa pengo la milimita chache linalofichwa na kigae cha ukutani, nalo ndilo linalokiepusha kigae na kuinuka joto linapopanda.

Sheria nazo zimeingia katika jambo hili. Mji wa Kale, wenye eneo la karibu hekta 72, ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalipa shirika la Makumbusho ya Kenya mamlaka juu ya majengo kama hayo. Uangalizi umekuwa rahisi zaidi kwa milango, roshani na sura ya nje kuliko kwa sakafu, ambayo hubadilishwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Boriti pia si mali huria tena. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje miti ya mikoko mwaka 1982, na ukataji wa ndani umewekewa vizuizi mara kadhaa tangu hapo ili kulinda misitu inayohifadhi pwani na mazalia ya samaki. Kuchimba matumbawe hai baharini nako hakukubaliki tena. Anayetaka kutengeneza sakafu ya zamani kwa njia ya zamani lazima atafute boriti yenye kibali, chokaa iliyochomwa kutoka jiwe la nchi kavu, na fundi aliyewahi kushika kipande cha kupigilia.

Gharama ya kuacha maji yavuje ndani ya majengo ya namna hii ilionekana Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa limevuja kwa miaka mingi, na sakafu zake nzito zilikaa juu ya chuma na kuta zilizonyonya maji hayo. Mombasa ina nyumba nyingi ndogo zenye ujenzi wa ukoo huohuo, na ndani yake familia zinaishi. Katika nyumba hizo kinachopaswa kukaguliwa kwanza ni bafu la ghorofani: bomba lake, mwelekeo wa maji kwenye sakafu yake, na ukuta uliobeba ncha za boriti chini yake.